Wasikilizaji na Idhaa Yao: Historia ya Kutaka Kufungwa kwa 6 Music

Kitu kinachosikiwa na wengi si lazima kiwe mali ya wengi, na redio ni mfano ulio wazi wa jambo hili. Mitambo, majumba na leseni vina wenyewe, nao wenyewe hao wameandikwa katika madaftari ya serikali na ya mabenki. Msikilizaji hakuandikwa po pote. Yeye hufungua chombo chake jikoni, dukani au garini, akasikia, akafurahi, akafunga. Na baada ya miaka huihesabu stesheni fulani kuwa ni yake, akaiita "redio yangu" bila ya kufikiri kwamba neno hilo litapata kutakiwa ushahidi. Siku mwenye mitambo anapotangaza kwamba stesheni itafungwa, ndipo neno "yangu" linapotiwa mizanini. Je, lina uzito wo wote, au ni namna ya kusema tu?

Makala haya yaeleza habari za stesheni moja ya muziki, BBC 6 Music ya London, ambayo mwaka 2010 ilikusudiwa kufungwa, na isifungwe. Kando yake yamewekwa mambo yaliyotokea Marekani kati ya 1970 na 1981, na kisha yale yaliyozipata idhaa nyingine za shirika lile lile la BBC, ikiwamo ya Kiswahili, ili hoja ipimwe kwa zaidi ya kisa kimoja. Hoja yenyewe ni kwamba mapenzi ya wasikilizaji, hata yakiwa makubwa, hayaiokoi stesheni yakiwa peke yake. Huiokoa pale palipo na baraza linalolazimika kwa sheria kuwasikiliza, na palipoandikwa mapema stesheni hiyo iko kwa kazi gani.

1. Asili ya hazina

Thamani ya 6 Music haieleweki mpaka mtu arudi nyuma hadi miaka ya 1960. Wakati huo utangazaji wa redio katika Uingereza ulikuwa mikononi mwa BBC pekee, na muziki wa vijana ulipewa nafasi ndogo. Kuanzia 1964 meli kadha zilitia nanga nje ya mipaka ya bahari ya nchi hiyo, zikawa zinatangaza muziki huo kutwa kucha. Mashuhuri zaidi zilikuwa Radio Caroline na Radio London, nazo zilisikilizwa na mamilioni. Serikali ikatunga sheria iliyoanza kutumika katikati ya Agosti 1967, ikiharamisha kuzipa stesheni hizo matangazo ya biashara, chakula au watumishi kutoka Uingereza. Radio London ikanyamaza siku ile ile ya mwisho kabla ya sheria kuanza. Wasikilizaji wake hawakuwa na pa kupeleka malalamiko, maana mbele ya sheria stesheni yenyewe haikuwa na haki ya kuwako.

Tarehe 30 Septemba mwaka huo BBC ilifungua Radio 1 ili kuliziba pengo, ikawachukua baadhi ya watangazaji waliotoka melini. Miongoni mwao alikuwa John Peel wa Radio London, ambaye alikaa Radio 1 hadi kufa kwake mwaka 2004. Basi hata idhaa ya muziki wa vijana ya BBC ilizaliwa kutokana na kufungwa kwa nyingine.

Jambo la pili lilihusu sahani za santuri. Makubaliano ya zamani kati ya BBC na makampuni ya sahani yaliweka kikomo cha saa ambazo sahani ziliruhusiwa kupigwa hewani. Makampuni yalichelea kwamba mtu akisikia wimbo bure hatanunua sahani. Chama cha wanamuziki nacho kilichelea kwamba sahani zitawanyang'anya wapigaji kazi yao. Saa zilizobaki zilijazwa kwa muziki uliopigwa na wanamuziki wenyewe katika studio za BBC. Bendi ilialikwa, ikapiga nyimbo tatu au nne kwa siku moja, zikarekodiwa na kutangazwa. Katika vipindi vya Peel peke yake zilifanywa rekodi za namna hii zaidi ya 4,000. Bendi nyingine ziliingia studio hizo zikiwa hazijapata mkataba wa sahani, na nyimbo walizopiga siku hiyo zilikuwa na sura tofauti na ile iliyokuja kuuzwa madukani baadaye. Kikomo kiliondolewa mwaka 1988, lakini desturi iliendelea.

Hivyo kizuizi kilichowekwa kulinda riziki kilizaa hazina ambayo hakuna aliyeikusudia. Hazina hiyo haikutunzwa daima kama ilivyostahili, maana kanda nyingi zilifutwa ili zitumike tena. Walakini zilizosalia zilikuwa nyingi sana, na kwa muda mrefu zilikaa rafuni bila ya kuwa na mahali pa kusikika.

6 Music ilifunguliwa tarehe 11 Machi 2002 ili iwe mahali hapo. Mtangazaji wa kwanza alikuwa Phill Jupitus. Kazi iliyopewa ni kupiga muziki wa zamani na wa sasa ulio nje ya nyimbo zinazouzwa zaidi, kuwaleta wanamuziki studio, na kuzitoa hewani rekodi zilizohifadhiwa. Ilisikika kwa njia ya dijitali tu, yaani kwa vyombo vipya vya redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Katika masafa ya FM, ambayo watu walio wengi walikuwa wakiyatumia, haikuwako. Jambo hili laonekana kuwa dogo, lakini ndilo lililozaa karibu hoja zote za kuifunga.

2. Shauri la kufunga

Mwanzoni mwa 2010 BBC ilikuwa katika wakati mgumu. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia, na magazeti pamoja na makampuni ya utangazaji ya biashara yalikuwa yakilalamika kwamba shirika hilo limekuwa kubwa mno, na kwamba linatumia fedha za umma kushindana na watu wanaotafuta riziki sokoni. Fedha hizo hutoka katika ada ya leseni ya televisheni, ambayo mwaka huo ilikuwa pauni 145.50 kwa kila nyumba. Habari za kutaka kufunga zilivuja katika gazeti la The Times mwishoni mwa Februari. Tarehe 2 Machi Mkurugenzi Mkuu, Mark Thompson, alilitangaza shauri lenyewe: kufunga 6 Music na Asian Network, kupunguza kurasa za intaneti kwa nusu, na kuzielekeza fedha zitakazookolewa kwenye vipindi vya hali ya juu.

Hoja za wakuu hazikuwa za kipuuzi, na yafaa zielezwe kwa haki. Stesheni iligharimu karibu pauni milioni 9 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2009 wasikilizaji wake walikuwa karibu 700,000 kwa wiki. Ukigawanya, kila msikilizaji aligharimu karibu pauni 13. Mtu mzima mmoja tu katika kila watano alikuwa na habari kwamba stesheni hiyo iko. Aidha wengi wa wasikilizaji walikuwa watu wa makamo wenye kipato, nao ndio wanaotafutwa na redio za biashara. Kwa hiyo ilisemwa kwamba soko lenyewe litaweza kuwahudumia. Mwenye kulipa ada asiyepata kuisikia stesheni hii alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini aigharimie starehe ya mwingine.

Udhaifu wa hoja hizo ulikuwa mahali pamoja. Zilichukua matokeo zikayafanya sababu. Stesheni haikujulikana kwa kuwa iliwekwa mahali ambapo wengi hawakuwa na chombo cha kuifikia, kisha kutojulikana kwake kukafanywa kuwa dalili ya kutohitajiwa. Mtu aliyejenga kisima nyuma ya ukuta, kisha akakifukia kwa kuwa wachotaji ni wachache, amehesabu sawa lakini hakuamua sawa. Na kuhusu soko, jibu lilikuwa rahisi: redio za biashara zilikuwa na miaka mingi ya kuwapigia watu hao muziki wa namna hiyo, nazo hazikufanya hivyo. Stesheni ya biashara huuza masikio ya wasikilizaji kwa wenye matangazo. Rekodi ya bendi isiyojulikana iliyofanywa miaka thelathini nyuma haileti masikio mengi kwa mara moja.

3. Jawabu la wasikilizaji

Kilichofuata kiliwashangaza hata wasikilizaji wenyewe. Mpaka siku ile kila mmoja alikuwa akisikiliza peke yake, na tarakimu za wakuu zilikuwa zimewaambia kwamba wao ni wachache. Walipoanza kuandikiana walijikuta ni umati. Walikusanyika mbele ya Broadcasting House, makao makuu ya redio ya BBC. Wakaunda makundi ya intaneti yenye watu zaidi ya laki moja. Wakaandika barua magazetini. Wanamuziki nao walijitokeza, na David Bowie alikuwa mmoja wao. Jarvis Cocker, mwimbaji wa bendi ya Pulp, alikuwa ameanza kipindi chake cha Jumapili katika stesheni hiyo Januari mwaka ule ule. Mwezi Mei alipewa tuzo ya mtangazaji mpya katika tuzo kuu za redio za nchi, ilhali stesheni yake ilikuwa imekwisha kuhukumiwa.

Tarakimu za robo ya kwanza ya 2010 zilipotoka, wasikilizaji walikuwa wamepita milioni 1 kwa wiki. Yafaa kukumbuka kwamba ni mwezi mmoja tu wa robo hiyo uliokuwa baada ya tangazo la kufunga. Gharama kwa kila msikilizaji ilishuka chini ya pauni 9, pasipo senti moja kuongezwa. Tishio la kufunga ndilo lililofanya kazi ya kuitangaza stesheni, kazi ambayo haikupata kufanywa vya kutosha kwa miaka minane.

Lakini umati, barua na tarakimu vyote vingeweza kupita kama upepo lau pasingalikuwa na pa kuvipeleka. Tangu tarehe 1 Januari 2007, kwa mujibu wa Hati ya Kifalme ya 2006, BBC ilikuwa na vyombo viwili vilivyotengwa: wakuu waliokuwa wakiliendesha shirika kila siku, na juu yao baraza lililoitwa BBC Trust, yaani Baraza la Amana, lililowekwa kuwawakilisha walipa ada. Kila idhaa ilikuwa na hati yake iliyotaja kazi yake na fedha zake. Wakuu hawakuwa na mamlaka ya kuifunga idhaa kwa amri yao. Walipaswa kuleta shauri mbele ya Baraza, na Baraza lilipaswa kuwauliza wananchi.

Baraza hilo, chini ya mwenyekiti wake Sir Michael Lyons, lilikuwa limetoa taarifa juu ya 6 Music Februari 2010, wiki chache tu kabla ya tangazo la Thompson. Taarifa ilisema kwamba wasikilizaji wanaipenda na kwamba ina sura yake ya pekee. Ikaitaka iongeze wasikilizaji bila ya kuipoteza sura hiyo. Basi shauri la kufunga lilipokuja, mizani ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Swali lililoulizwa halikuwa la idadi ya wasikilizaji peke yake. Liliulizwa pia kama kazi iliyoandikwa katika hati yafanywa, na kama yuko mwingine atakayeifanya.

Maoni ya wananchi yalipokewa hadi mwishoni mwa Mei. Majibu yaliyoletwa kwa njia ya intaneti yalikaribia 50,000, na zaidi ya robo tatu yaligusia 6 Music. Barua za elektroniki zilikuwa maelfu mengine. Tarehe 5 Julai 2010 Baraza lilitoa uamuzi wake: hoja ya kuifunga 6 Music haikuthibitishwa. Baraza halikusema kwamba stesheni haitafungwa milele. Lilisema kwamba wakuu wakitaka kulileta tena jambo hilo, walilete ndani ya mpango mzima wa redio ya dijitali. Hawakulileta. Mwaka 2018 stesheni hiyo ilikuwa na wasikilizaji zaidi ya milioni 2 kwa wiki.

4. Mizani ya Marekani

Kisa cha London chaweza kumfanya mtu aamini kwamba wasikilizaji wakipaza sauti watasikiwa daima. Historia ya Marekani yakanusha hayo. Huko redio zilizo nyingi ni za biashara, lakini mawimbi yenyewe ni ya umma. Mwenye stesheni hupewa leseni na Tume ya Mawasiliano ya serikali kuu kwa sharti la kutumikia maslahi ya umma. Basi swali lilikuwa: je, maslahi hayo ni pamoja na aina ya muziki?

Mwaka 1970 mahakama ya rufani ya Washington ilijibu ndiyo. Shauri lilihusu stesheni ya muziki wa kale wa Ulaya katika mji wa Atlanta. Mahakama ilisema kwamba ikiwa muziki wa namna fulani ni wa pekee katika mji, na watu wasio wachache wanalalamika, Tume haina budi kusikiliza malalamiko yao kabla ya kuruhusu stesheni iuzwe na kugeuzwa. Mwaka 1973 hoja hiyo hiyo ilitumiwa kuwatetea wapenzi wa muziki wa roki wa kisasa katika jimbo la Ohio. Kwa hiyo haikuwa ngao ya wapenzi wa Beethoven peke yao. Mwaka 1974 ikaja kesi ya WEFM ya Chicago, stesheni ya kampuni ya Zenith iliyokuwa ikipiga muziki wa kale tangu miaka ya 1940. Kampuni ilitaka kuiuza kwa dola milioni 1, naye mnunuzi alitaka kuigeuza iwe ya roki. Tume iliruhusu bila ya kusikiliza. Mahakama ikaitengua ruhusa. Hata hivyo safari ya kesi ilikuwa ndefu na ya gharama, na mwisho wake pande zote zilipatana, na mwaka 1978 WEFM ikaanza kupiga muziki wa kisasa.

Huko New York stesheni ya WNCN iliacha muziki wa kale Novemba 1974 na kuanza roki kwa jina jipya. Wasikilizaji wakaunda chama, wakaenda mbele ya Tume na mahakama, na Agosti 1975 stesheni ikapata mwenyewe mpya na kuurudisha muziki wake wa kwanza. Ushindi huo haukudumu katika sheria. Mwaka 1976 Tume ilitangaza kwamba haitachungulia tena aina ya muziki, kwa kuwa ushindani wa soko ndio unaojua zaidi watu wanataka nini. Chama cha wasikilizaji wa WNCN kilikuwa miongoni mwa waliopinga, na mahakama ya rufani ikawaunga mkono. Lakini tarehe 24 Machi 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilikubaliana na Tume. Jaji White aliandika hukumu. Jaji Marshall aliandika ya kupinga. Mlango uliofunguliwa 1970 ukafungwa.

WNCN iliendelea kwa miaka kumi na miwili na ushei kwa hiari ya wenyewe. Desemba 1993 iligeuzwa tena kuwa ya roki, na safari hii wasikilizaji hawakuwa na sheria ya kushika. Mapenzi yao hayakuwa yamepungua tangu 1974. Kilichokuwa kimepungua ni mahali pa kuyapeleka. Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na baada ya 1981 kisu cha redio za Marekani kilikuwa mkononi mwa mwenye leseni peke yake.

5. Waliokuwa na sauti ndogo

Hata pale palipo na mlango, wanaobisha hawana nguvu sawa. Shauri la Machi 2010 lilitaja idhaa mbili, nayo ya pili, Asian Network, ilitajwa kidogo mno magazetini. Idhaa hiyo ina uhusiano na Afrika Mashariki. Asili yake ni kipindi kilichoanzishwa na redio ya BBC ya Leicester mwaka 1976, katika mji ambao miaka minne nyuma ulikuwa umewapokea wengi wa Waasia waliofukuzwa Uganda. Kilichoanza kama kipindi cha mji mmoja kilifanywa idhaa ya nchi nzima mwaka 2002, ikitangaza kwa Kiingereza na kwa lugha kama Kihindi, Kiurdu, Kipunjabi, Kibengali na Kigujarati. Kwa wataalamu wa lugha thamani yake haihitaji maelezo: ni mahali ambapo lugha za nyumbani zilisikika hadharani, zikatamkwa na watu waliozilea mbali na asili yake.

Julai 2010 Baraza la Amana liliinusuru 6 Music, na kwa Asian Network likasema kwamba litakuwa tayari kulifikiria shauri rasmi la kuifunga. Idhaa hiyo ilikaa katika mashaka hadi Machi 2011, wakuu walipoliondoa shauri lao wakaipunguzia fedha. Wasikilizaji wa 6 Music walikuwa na waandishi wa magazeti na wanamuziki mashuhuri kati yao. Wa Asian Network walikuwa na wachache wa namna hiyo. Wazee wa pwani husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini katika utaratibu wa kukusanya maoni, haki ya mnyonge hupimwa mara nyingi kwa wingi wa barua zake.

Nje ya Uingereza wako wasikilizaji ambao hata mlango huo hawakuonyeshwa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza tarehe 27 Juni 1957, haikutegemea ada ya leseni wakati huo. Kama idhaa nyingine za dunia za shirika hilo, ilipata fedha kutoka wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, na iliendelea hivyo hadi 2014. Fedha hizo zilipopunguzwa, tarehe 26 Januari 2011 ilitangazwa kwamba idhaa kadha zitafungwa kabisa, ikiwamo ya Kireno kwa Afrika, na kwamba matangazo ya masafa mafupi yatakomeshwa katika lugha kadha: Kihindi, Kiindonesia, Kikirgizi, Kinepali, Kiswahili, na lugha za Rwanda na Burundi. Kiswahili kingeendelea kusikika kwa njia ya stesheni za FM zilizoshirikiana na BBC. Lakini masafa mafupi hufika pasipofika mitambo ya FM, na msikilizaji wa kijiji cha mbali mwenye redio ya betri ndiye aliyeguswa kwanza.

Yeye hakuwa mlipa ada. Hati iliyoandikwa kwa ajili ya walipa ada wa Uingereza haikumtaja, na hakuwekewa muda wa kutoa maoni kama ule wa wasikilizaji wa 6 Music. Wapenzi wa idhaa ya Kihindi walikuwa na waandishi mashuhuri waliowasemea katika magazeti ya London, na idhaa hiyo ikaachiwa saa moja ya masafa mafupi kila jioni, iliyoendelea hadi Januari 2020. Kiswahili hakikupata msemaji wa namna hiyo. Twaa visa hivi viwili, cha 6 Music na cha masafa mafupi, vilivyotokea katika shirika moja na kati yao miezi sita na ushei tu, na tofauti yake haitafutwi katika kiasi cha mapenzi. Hakuna aliyepata kuyapima mapenzi ya msikilizaji wa kijijini.

6. Hitimisho

Kiswahili kina neno linalofaa kwa jambo hili, nalo ni amana. Neno hili, lililopokewa kutoka Kiarabu, lina maana ya kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu akitunze kwa niaba ya mwingine. Mwenye kushika amana anacho kitu hicho, wala hakimiliki. Aweza kukitumia kwa kazi iliyokubaliwa, wala hawezi kukitapanya. Na mwenye amana akija kuuliza, hana budi kujibu. Kwa maana hiyo hoja ya wasikilizaji wa 6 Music haikuwa kwamba stesheni ni mali yao. Ilikuwa kwamba ni amana, na kwamba mshikaji alipaswa kujibu. Katika Marekani baada ya 1981 leseni iliendelea kuitwa amana ya umma kwa maneno, lakini kuhusu muziki mwenye amana hakuwa na mahali pa kuulizia.

Mambo haya si ya kuchukuliwa kuwa yamekwisha. Baraza la Amana la BBC lenyewe liliondolewa Aprili 2017, na kazi ya kulisimamia shirika ikapewa Ofcom, msimamizi wa utangazaji wote wa nchi, wa biashara na wa umma. Mlango uliobishwa mwaka 2010 haupo tena kwa umbo lile. 6 Music ipo, na wasikilizaji wake ni wengi kuliko wakati wo wote wa mashaka yake. Lakini kinga yake sasa ni wingi huo, ambao mwaka 2010 haikuwa nao.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuitazama habari hii kwa makini. Kwa miongo mingi bendi na vikundi vya taarab vya Tanzania vilirekodiwa katika studio za redio ya taifa, na nyimbo nyingi kati ya hizo hazikupata kutolewa kwa sahani. Kanda iliyo rafuni mara nyingi ndiyo nakala pekee, na ndani yake mna muziki, na mna Kiswahili cha wakati wake: matamshi, misamiati, mafumbo na namna ya kumsifu au kumsema mtu bila ya kumtaja. Mtafiti wa lugha atakayetaka kujua watu wa Dar es Salaam walivyozungumza miaka ya 1960 na 1970 hataupata ushahidi bora kuliko huo. Hazina ya London ilinusurika kwa sababu kabla ya siku ya hatari palikuwa na hati iliyosema ni kazi ya nani kuitunza na kuitoa hewani. Hati kama hiyo huandikwa kwa urahisi stesheni ikiwa hai na wakuu wake wakiwa na nia njema. Ikisubiriwa mpaka litolewe tangazo la kufunga, wasikilizaji watakuwa na mapenzi yao tu, na kisa cha New York kimeonyesha mapenzi hayo yanafika wapi.